Gramu tatu na pointi saba: kujaribu migresheni kabla haijagusa hesabu za watu

Mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu huko Segese akitaka programu ya wavuti, ombi lake la kwanza huwa jepesi: daftari lihamie kwenye simu. Nani kaleta viroba vingapi vya mawe, vimesagwa lini, zimetoka gramu ngapi, nani anadai. Ili kazi iende haraka unaiacha safu ya gramu iwe maandishi, karani aandike anavyojua. Baadaye tajiri anataka jumla ya kila mwezi, na safu ile sasa lazima iwe namba. Unaandika migresheni ya mistari michache. Hapo ndipo panapohitaji jaribio kuliko mahali pengine popote kwenye programu nzima, maana msimbo mbovu unaweza kuurudisha ulivyokuwa, lakini gramu iliyopotea kwenye hifadhidata huenda usijue hata kama imepotea.

Wengi huunda hifadhidata tupu, wanaendesha migresheni zote kuanzia ya kwanza, hakuna kosa, wanafunga kompyuta. Jaribio la namna hiyo linakuhakikishia tu kwamba SQL yako inasomeka. Ongeza safu ya NOT NULL isiyo na thamani ya kuanzia: kwenye jedwali tupu inapita bila neno, kwenye jedwali lenye rekodi hata moja, PostgreSQL inagoma. Kwa hiyo jaribio linatakiwa lisimame kwenye migresheni ya kabla ya ile mpya, liingize data chafu, liende mbele hatua moja, kisha likague kilichobaki.

Uchafu huo usiutunge kichwani. Fungua rekodi zenyewe uone karani kaandika nini. Utakuta "3.7", "3,7", "3 pointi 7", "gm 3.7", na mahali pengine "bado". Kila sura iwe na rekodi yake kwenye jaribio, na jibu lake uliandike mwenyewe kabla ya kuendesha chochote. Nne za kwanza ziwe 3.70. Ya mwisho iwe NULL, wala isiwe sifuri: sifuri inasema mawe yamesagwa yakatoka matupu, NULL inasema mzigo haujapimwa. Mwenye mawe anaijua tofauti hiyo vizuri sana, na atakuja kuulizia. Baada ya hapo hesabu rekodi kabla na baada, kisha linganisha jumla. Ukiishia kukagua kwamba safu ipo na ni ya NUMERIC, hujakagua kitu.

Kwenye Django kazi hii inafanywa na MigrationExecutor: unaipeleka hifadhidata kwenye migresheni ya nyuma, unaomba modeli za wakati ule, unaingiza rekodi, unasonga mbele. Kwenye Laravel, ingiza rekodi kwa DB::table, usitumie modeli ya Eloquent, kwa sababu modeli ya leo inaweza kutegemea safu ambazo siku ile hazikuwepo.

Sasa suala ambalo watu hulipuuza kwa sababu linachelewesha majaribio: injini. SQLite ndani ya kumbukumbu ni nyepesi, na ndiyo inayotumika sana kwa majaribio, ila ina ukarimu uliopitiliza. Safu ya NUMERIC ya SQLite inapokea "3 pointi 7" na kuitunza kama maandishi bila kunung'unika. PostgreSQL inakataa palepale. MySQL ikiwa imezimiwa ukali wake, kama ilivyo kwenye seva za zamani, inafanya kibaya zaidi: "3,7" inageuka 3, onyo linaandikwa mahali ambapo hakuna anayesoma, kazi inaendelea. Gramu ikiuzwa shilingi 250,000, pointi saba ni shilingi 175,000 za mtu. Basi jaribu kwa injini ileile ya seva, na toleo lilelile. Kama bando linakubana, ipakue mara moja na uitunze kwenye kompyuta. Majaribio ya kila siku hayataihitaji intaneti.

Hapo kwenye bei pana shimo jingine. INTEGER ya PostgreSQL inaishia 2,147,483,647. Kwa bei hiyohiyo, kilo tisa tu ni shilingi 2,250,000,000, na safu ya jumla imeshajaa. Weka rekodi ya kilo tisa kwenye data ya jaribio, uone kama umetumia BIGINT au NUMERIC. Gramu zenyewe usiziweke kwenye FLOAT hata kidogo.

Migresheni zinazonitia wasiwasi kuliko zote ni zile zinazogusa historia. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoundwa, Bukombe ilitoka Shinyanga ikaingia Geita. Segese yenyewe ilikuwa chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kahama kabla Msalala haijawa halmashauri. Anayeandika UPDATE moja ya kubadilisha mkoa kwa kila rekodi ya Bukombe anaharibu rekodi za leseni za zamani za uchimbaji. Jaribio lake ni rahisi: ingiza leseni ya 2011 na ya 2013, endesha migresheni, kisha dai kwamba ya kwanza bado inasoma Shinyanga. Mrabaha wa dhahabu ni hivyohivyo. Mwaka 2017 ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6. Ukiongeza safu ya kiwango na kuijaza 6 kila mahali, mauzo ya 2016 yatadaiwa tofauti isiyokuwepo.

Jaribu pia kukatika katikati. PostgreSQL hurudisha karibu kila kitu migresheni ikishindwa ndani ya muamala. MySQL huthibitisha kila badiliko la muundo papo hapo, kwa hiyo ikifeli hatua ya tatu, mbili za kwanza zimeshakaa. Kubadilisha aina ya safu kwenye PostgreSQL pia hulifunga jedwali zima, na karani aliye kwenye mzani atasubiri. Jaza rekodi laki kadhaa kwa generate_series, pima muda, na uweke lock_timeout.

Ukichukua nakala ya data halisi, futa majina na namba za simu kabla haijafika kwenye kompyuta yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, na mbali na sheria, orodha ya nani ana gramu ngapi si kitu cha kutembea nacho kwenye basi la Kahama.

Migresheni ikishapita kwenye seva zote na nakala za akiba za kabla yake zikawa hazihitajiki tena, futa jaribio lake. Bakiza lile la leseni za 2011, kwa sababu mipaka ya wilaya itabadilika tena.