Maji yakirudi, usiwashe boila mbio

Maji yamekatika tangu jana. Leo jioni baba anatoka kazini na vumbi la shimo mwilini, na robine inaanza kukohoa: maji yamerudi! Mara moja mama anawasha boila ili baba aoge. Ngojeni kwanza, ninyi wawili. Je, ndani ya boila hiyo mna maji?

Maji baridi huingia katika boila kwa chini, nayo huyasukuma maji ya moto yatoke kwa juu. Pale yanapoingia kuna klape inayoyakataza kurudi nyuma. Klape ikichakaa, au kama aliyefunga boila hakuiweka, maji ya mji yakikatika boila yaweza kumwaga maji yake kurudi katika mabomba, hasa mtu akiacha robine wazi. Rezistansi inabaki hewani. Ukiwasha umeme, inakuwa nyekundu kama chuma cha mfua vyuma, na baada ya muda mfupi inapasuka.

Kwa hiyo, maji yakikatika, zima boila kwenye kibao cha umeme. Zima hata kama umeme nao umekatika, maana unaweza kurudi usiku, kabla ya maji, ninyi mmelala.

Maji yakirudi, acha kwanza yatoke katika robine ya baridi mpaka yawe safi, kwa sababu mara nyingi huja na matope. Kisha fungua robine ya maji ya moto, na ufungue polepole ile inayoingiza maji katika boila. Utasikia hewa inapuliza, maji yanatema-tema. Usichoke. Boila ya lita 100 hutaka dakika nyingi kama maji ya mji ni dhaifu. Yakitoka mfululizo bila hewa, imejaa. Funga robine, tazama viungo vya mabomba kama havivuji, ndipo uwashe. Lakini ukikuta boila tupu ilikuwa imewashwa, izime na uiache ipoe kabisa mbele ya kuijaza, kwani maji baridi juu ya chuma chekundu huruka kuwa mvuke.

Pengine boila imejaa, ila maji ya moto yanatoka kwa unyonge. Yakiwa dhaifu na ya baridi pia, shida ni ya mji. Yakiwa dhaifu ya moto tu, shida iko kwako: robine ya kuingiza haikufunguliwa yote, au bomba limeshika chokaa. Maji yanayopita katika mawe ya chokaa, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi, huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika.

Sasa lile tone chini ya boila, ambalo watu wengi hulichukia. Maji yakipata moto huongezeka. Lita 100 zikitoka digri 15 kufika 65, zinaongezeka karibu lita 2, na supape ya usalama huzitoa nje. Tone hilo ni kazi yake, weka ndoo. Hapana kuziba kwa kijiti wala kwa mpira! Wewe unayefanya kazi kwenye kompresa, unaweza kufunga supape ya tanki la hewa kwa waya? Boila ni tanki vilevile. Termostati ikiharibika, maji yaliyofungiwa hupita digri 100 bila kuchemka. Siku chuma kinapopasuka, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji hutoa mvuke zaidi ya lita 1600. Ukuta hauwezi kuvumilia hayo.

Supape ikidondoka hata boila ikiwa imezimwa, hilo ni jambo jingine: imechakaa, au nguvu ya maji ya mji imezidi. Mwite fundi.

Mara moja kwa mwezi zungusha kifungo cha supape, maji yatoke kidogo, kisha ukirudishe. Kama hayatoki, zima boila siku hiyo hiyo, na watoto waoge maji ya sufuria mpaka fundi aweke supape mpya.