Kibanda cha Kazi nyuma ya Nyumba

Ndugu msomaji, angalia nyumba yako vizuri. Msumeno uko wapi? Uko chini ya kitanda. Na randa? Iko juu ya sanduku la nguo. Kinga inayongoja kutengenezwa imelala mlangoni, na watoto wanaikanyaga. Mbao ulizozinunua kwa taabu zimeegemea ukuta wa nje, na mchwa wamekwisha kuanza kuzila. Mtu akikuletea kiti kilichovunjika, unakitengeneza chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, kazi ya siku ile imekwisha.

Katika vijiji vyetu vya Katanga, kandokando ya Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, wako watu wengi waliojifunza kazi ya mikono huko migodini. Mtu anarudi kwao na sanduku la vyombo. Sanduku lile laweza kulisha nyumba yake hata siku mgodi unapofunga kazi. Lakini vyombo visivyo na mahali pake huliwa na kutu. Nimeona msumeno mzuri wa mzee mmoja umekuwa mwekundu kama udongo baada ya masika mbili tu, na mzee yule sasa anaazima msumeno wa jirani.

Basi leo tujifunze kujenga kibanda cha kazi katika lupango. Wengine wanakiita atelie. Si nyumba kubwa: urefu metri 5, upana metri 3. Upande mmoja, metri 1 na nusu, ni chumba kidogo chenye kufungwa kwa ufunguo. Metri 3 na nusu zinazobaki ni mahali pa kazi, penye ukuta mfupi na hewa nyingi.

Kazi hii ni ya kiangazi. Piga matofali katika mwezi wa tano. Mwezi wa sita yakauke. Mwezi wa saba chimba msingi na kusimamisha nguzo, mwezi wa nane jenga ukuta, mwezi wa tisa ezeka. Mtu anayeanza mwezi wa tisa atalia mwezi wa kumi na moja.

Chagua mahali kwanza. Usichague bondeni mwa lupango, hata kama bustani haikui pale. Mvua kubwa ikinyesha, tazama maji yanapita wapi, ukapige kijiti mahali palipobaki pakavu. Usijenge chini ya mti mkubwa. Kisha simama ukitazama jua linapotoka: mkono wako wa kushoto ni kaskazini, wa kuume ni kusini. Urefu wa kibanda ufuate njia ya jua, ncha moja mashariki, ncha moja magharibi. Chumba cha ufunguo kiwe ncha ya magharibi, kizuie jua kali la alasiri. Mbele pawe kaskazini. Hapo utapata mwanga mzuri mchana kutwa, na katika baridi ya mwezi wa sita jua litaingia kidogo likupashe moto.

Kama wewe ni mhunzi, tanuru la makaa lisiwe ndani kabisa. Liwe nje, mbali na nyumba yako na ya jirani, hatua 15 au zaidi. Upepo wa kiangazi kwetu hutoka kusini-mashariki. Basi weka tanuru upande wa kaskazini-magharibi wa nyumba, ili cheche zikimbie mbali na nyasi za paa. Karibu nalo pawe na ndoo ya maji na ndoo ya mchanga kila siku, wala si siku ile tu mkubwa anapopita kutazama.

Sasa pima. Piga vijiti vinne, funga kamba. Ili pembe iwe sawa, pima metri 3 upande mmoja na metri 4 upande wa pili. Kamba inayounganisha ncha hizo lazima iwe metri 5 kamili. Mwisho pima kibanda chote kutoka pembe mpaka pembe ya kuvuka. Mara zote mbili upate metri 5 na santimetri 83. Kama hazilingani, sogeza vijiti. Kusogeza kijiti ni kazi ndogo. Kusogeza ukuta hakuna awezaye.

Adui mkubwa wa kibanda si mwizi. Ni mchwa. Paa la kibanda chetu litabebwa na nguzo 8, nne kila upande, na ukuta utajaza tu katikati. Kwa hiyo nguzo zikiliwa, yote yameanguka. Tafuta mti wa mubanga. Omba ruhusa kwa chifu na kwa wakubwa wa msitu, kisha kata mti uliokomaa. Ondoa gome na ule mti mweupe wa nje wote, ubaki moyo mweusi tu. Mchwa wanakula ule mweupe upesi, lakini moyo wa mubanga unawashinda miaka mingi. Nguzo za mbele ziwe metri 3 na santimetri 20, za nyuma metri 2 na santimetri 70. Zote ziingie chini santimetri 60. Weka jiwe bapa chini ya kila nguzo, jaza mawe kando, ushindilie.

Pengine utasema: Mimi nitamwaga mafuta machafu ya motokari, mchwa watakufa. Usifanye hivi. Mafuta yale yanashuka katika udongo, yanafika kisimani na kwenye mizizi ya mboga. Dawa iliyo bora ni macho yako. Mchwa hawapendi mwanga. Wanapanda ndani ya njia ndogo ya udongo. Basi acha chini ya ukuta pawe wazi pande zote, bila mbao, bila kuni, bila majani. Kila siku ya posho zunguka kibanda. Ukiona njia ya udongo inapanda, ivunje, uifuate mpaka shimo lake.

Msingi ni mtaro wa santimetri 40 kwenda chini na 40 upana, umejaa mawe. Juu yake jenga mistari mitano ya matofali ya kuchoma. Juu ya hiyo matofali mabichi yatosha. Kwa nini tusichome yote? Kwa sababu kuchoma kunakula kuni, na msitu wa kando ya miji yetu umekwisha kuwa mbali kwa ajili ya makaa. Tofali bichi halina neno, kama miguu yake ni mikavu na kofia yake ni pana.

Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa matofali, maana unashikamana. Fanya kalibu ya santimetri 29 kwa 14 kwa 9. Kwa metri moja ya ukuta kila upande utatumia matofali 33. Kibanda chote kitataka 900 na zaidi kidogo. Piga 1,000, kwani mengine yatavunjika. Katika hayo choma 300. Mabichi yakaushe kivulini, uyageuze geuze, majuma matatu au manne.

Lakini sikia neno hili vizuri. Usichukue udongo wala mchanga wa mgodini. Najua uko karibu, umekwisha kusagwa, na hakuna anayeuza. Mchanga ule una mabaki ya shaba na kobalti, na pengine vitu vingine vibaya visivyoonekana. Katika 2014 mtu wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, alichimba katika lupango lake akakuta kobalti. Wengine wakafuata, wakachimba hata ndani ya nyumba, na vumbi likajaa vyumbani. Waganga walipima watoto wa mtaa ule, wakaona kobalti nyingi mwilini mwao. Habari hiyo ilichapishwa katika 2018. Na Shinkolobwe, karibu na Likasi, ni mahali pa urani. Serikali ilikataza watu kuchimba pale katika 2004. Mtu akisawazisha sakafu kwa udongo wa namna hii, watoto wake watavuta vumbi lake kila wanapofagia. Vilevile usiweke magunia ya mawe ya mgodi ndani ya kibanda, hata kwa usiku mmoja.

Ukuta wa chumba cha ufunguo ufike juu mpaka paa. Ukuta wa mahali pa kazi uwe metri moja tu. Sakafu ipande santimetri 20 kuliko uwanja, mawe chini na udongo mwekundu juu, imeshindiliwa sana.

Paa liwe na mteremko mmoja: mbele metri 2 na santimetri 60, nyuma metri 2 na santimetri 10. Lipite ukuta santimetri 70 kila upande; hiyo ndiyo kofia ya matofali mabichi. Paa lote litakuwa metri 6 na santimetri 40 kwa metri 4 na santimetri 40. Malata hayana upana mmoja, basi pima yale ya dukani kabla ya kulipa. Kama huna fedha za malata, ezeka kwa nyasi, lakini mteremko huu hautoshi kwa nyasi. Fanya paa la pande mbili, lenye kusimama zaidi, la sivyo litavuja na kuoza.

Ndani, meza ya kazi iwe upande wa kaskazini, urefu metri 2, imegusa ukuta wa chumba. Simama wima, mikono ikining'inia: juu ya meza pafike kwenye kifundo cha mkono wako. Mlango wa kuingilia uwe mashariki, katika mstari wa meza ile, upana metri 1 na nusu. Wengi hawafikiri neno hili. Ukitaka kupiga randa ubao wa metri 4, ncha yake itatoka mlangoni bila kugonga ukuta. Katika chumba, tundika kila chombo kwenye msumari wake, na kando yake chora umbo lake kwa makaa. Jioni utaona mara moja kinachokosekana. Petroli isiingie kibandani.

Bado maji. Mvua ya milimetri 30 juu ya paa hili inatoa litri 840, mapipa manne na zaidi. Yakianguka ovyo yatachimba msingi. Weka mfereji wa bati nyuma, upeleke maji katika mapipa. Yanayozidi yaende bustanini kwa mtaro. Pipa lililobeba dawa au asidi ya mgodi usilinunue, hata likioshwa mara kumi. Funika mapipa, maana mbu huzaa humo. Maji hayo si ya kunywa, kwa sababu ya vumbi la juu ya paa. Ni ya kuchanganyia udongo wa matofali, kupozea chuma, na kunyweshea lengalenga na nyanya siku mvua inapokawia.