Udongo wenye risasi husafishwa vipi?

Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi ilibaki ardhini. (Ni madini yaleyale yaliyoipa risasi ya bunduki jina.) Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni na udongo usafishwe.

Risasi haiozi. Maji ya mvua pia hayaiondoi kwa urahisi. Hung'ang'ania tabaka la juu, palepale watoto wanapochezea. Kwa hivyo udongo hupimwa, tabaka hilo huchimbwa na kupelekwa dampo maalumu, kisha udongo safi humwagwa juu. Pengine huchanganywa na fosfeti ili risasi isiyeyuke. Njia zote ni ghali kuliko kuzuia.

Anayepasua betri nyuma ya nyumba, iwe Thika au Ruiru, huacha sumu hiyohiyo. Mtoto anayetambaa huumia zaidi, maana hulamba vidole vyenye vumbi na ubongo wake ungali unakua.

Ukishuku ploti yako, nyunyiza maji kabla ya kufagia, usipande karoti wala viazi, na uripoti kwa NEMA au ofisi ya mazingira ya kaunti. Daktari aombwe kumpima mtoto damu, hata akionekana mzima.