Somo la 8: Binti Anayejificha

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 7:2, 18:11, Walawi 15, Marko 5:25–42, Matendo 8:26–38, Waebrania 9:9–14.

Fungu la kukariri: Marko 5:34.

Ni Sabato ya ubatizo. Binti wa miaka 14 amehudhuria darasa la ubatizo kwa miezi mingi na maswali yote ameyajibu. Asubuhi anamwambia mama yake kwamba tumbo linamuuma, atabatizwa siku nyingine. Tumbo linauma kweli, lakini kinachomzuia si hicho. Yuko katika siku zake, na aliwahi kumsikia mama mmoja akisema kwamba mwenye hedhi haingii majini wala hashiriki Meza ya Bwana. Hakuna mzee wa kanisa aliyefundisha hivyo mimbarani. Hakuna pia aliyewahi kukanusha.

Sheria ilisema nini?

Soma Walawi 15:16–24. Ni nani waliohesabiwa kuwa najisi, na walitakiwa kufanya nini?

Wengi huisoma sura hii kana kwamba inawahusu wanawake peke yao. Lakini nusu yake ya kwanza inamhusu mwanamume. Aliyetokwa na shahawa alioga na kuwa najisi hata jioni. Mwanamke mwenye hedhi alikuwa najisi siku 7. Kwa hedhi ya kawaida hakuagizwa kuleta kafara yoyote wala kuungama chochote. Unajisi huu haukuwa dhambi. Tena Mwanzo 18:11 hutaja kukoma kwa hedhi ya Sara ili tuone jinsi kuzaliwa kwa Isaka kulivyokuwa muujiza. Hedhi ni sehemu ya mpango wa Muumba wa kuleta uhai.

Mbona tunashika Walawi 11?

Hapa mtu atauliza: kama tunaendelea kutenganisha wanyama safi na najisi, kwa nini tusishike na Walawi 15? Swali ni la haki. Kwanza, Nuhu alijua tofauti ya wanyama muda mrefu kabla ya Musa (Mwanzo 7:2). Pili, nguruwe hawi safi kwa kuoshwa, wala jua likitua. Unajisi wa Walawi 15 ulikuwa wa muda, uliondolewa kwa kuoga na kungoja, na ulifungamana na maskani iliyokuwa katikati ya Israeli (fungu la 31). Waebrania 9:9–14 inaeleza kwamba maosho hayo yaliwekwa hadi wakati wa matengenezo mapya, na kwamba sasa ni damu ya Kristo inayosafisha dhamiri.

Vazi lililoguswa

Soma Marko 5:25–34. Kwa nini Yesu hakumwacha mwanamke huyu aondoke kimya kimya?

Huyu hakuwa na hedhi ya kawaida. Alikuwa mgonjwa kwa miaka 12, na kwa Walawi 15:25–27 alikuwa najisi muda huo wote. Alikuja kwa nyuma, kama mtu aliyezoea kujificha. Yesu hakuuliza ni nani aliyemruhusu kuingia katikati ya watu. Unajisi haukumhamia Yeye. Uzima ulitoka kwake ukamponya mwanamke. Kisha, mbele ya mkutano wote, akamwita binti. Baada ya hapo akaenda nyumbani kwa Yairo akamshika mkono msichana aliyekufa, mwenye umri wa miaka 12, umri ambao mabinti wengi huvunja ungo.

Kama hakumkataa aliyetokwa na damu miaka 12, atamkataaje mwenye siku 5? Filipo naye aliulizwa na towashi ni nini kizuizi cha kubatizwa (Matendo 8:36). Kumbukumbu la Torati 23:1 ilimzuia mtu kama huyo kuingia katika mkutano. Hata hivyo, Filipo alishuka naye majini.

Katika kanisa letu

Mashemasi wa kike wazungumze mapema na mabinti wanaojiandaa kwa ubatizo, na kanisa liwe na magauni mazito ya rangi nyeusi. Binti akipenda kungoja kwa ajili ya utulivu wake mwenyewe, achague yeye, asizuiwe. Makambini, choo cha wanawake kiwe na maji, mlango unaofungika na chombo cha kutupia pedi. Akina baba nasi tusione aibu kununua pedi dukani kama tunavyonunua sabuni. Na binti ambaye damu yake inapita siku 7, au maumivu yanamlaza kitandani kila mwezi, apelekwe hospitali. Yule mwanamke aliteseka miaka 12. Wetu wasiteseke hivyo kwa kuona haya.

Maswali ya kujadili

1. Je, kuna desturi katika kanisa lenu inayomzuia mwanamke kuhudumu au kushiriki kwa sababu ya hedhi? Ilitoka wapi?

2. 1 Wakorintho 11:28 inamtaka kila mtu ajihoji kabla ya kushiriki Meza ya Bwana. Anatakiwa kujihoji juu ya nini?

3. Yule binti wa darasa la ubatizo bado yuko nyumbani. Ni nani katika kundi lenu atakayekwenda kuzungumza naye juma hili, na atamwambia nini?