Kufunga Springi na Shokapu za Motokaa Nyumbani

Wenzetu wa Kidato cha Kwanza huuliza kanuni ya Hooke ina faida gani mtu akishatoka maabara. Mimi niliiona faida yake likizo iliyopita huko Moshi, tulipobadili springi na shokapu za motokaa ya mjomba wangu uani kwake. Naomba nafasi niieleze kazi hiyo, maana vijana wengi wenye motokaa za mbio huifanya kwa kubahatisha.

Motokaa yenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004. Jina la Impreza lina sifa kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa Colin McRae aliiendesha akashinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na Richard Burns naye mwaka 2000. Shokapu zake ni za namna iliyobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson. Springi imeizunguka shokapu, vikawa kama kitu kimoja. Kwa magurudumu ya mbele, kitu hicho hushikwa juu kwa nati tatu, na chini kwa bolti mbili.

Watu huchanganya kazi za hivi viwili. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu kazi yake ni kutuliza. Gurudumu likipanda tuta, springi hujikunja na kuweka nishati, kisha huitoa. Motokaa ingerukaruka kama mpira, isipokuwa mafuta yaliyomo katika shokapu hulazimishwa kupita katika matundu membamba, na nishati ile ikageuka joto.

Mjomba alitaka springi fupi sana, motokaa ikaribie ardhi kama zile za pichani. Mimi nikaleta daftari. Tuchukue springi ya mfano inayodai nguvu ya niutoni 30 kwa kila milimeta ya kujikunja, nayo imebeba kilogramu 300. Ikiachwa icheze, itacheza karibu mara 1.6 kwa sekunde. Springi ngumu maradufu itacheza zaidi ya mara 2.2, na shokapu iliyotengenezwa kwa springi laini haitaiweza. Kwa hiyo anayenunua springi ngumu na kubakiza shokapu za zamani ametupa fedha zake. Tena motokaa iliyoshushwa mno haina nafasi ya kujikunja, na matuta ya barabara zetu hayana huruma. Mjomba akakubali springi za kushusha milimeta 20 tu, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. (Mkewe alisema angependa zaidi fedha hizo zinunue mabati ya jikoni, na sijui kama alikosea.)

Tulisimamisha motokaa juu ya sakafu ya saruji, tukaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, tukainua mbele kwa jeki, kisha tukaikalisha juu ya stendi mbili za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Asiingie mtu chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Bolti ya juu kati ya zile mbili za chini si mviringo kamili, nayo ndiyo inayoweka mwinamo wa gurudumu, basi tuliitia alama ya rangi kabla ya kuifungua. Kitovu cha gurudumu tulikifunga kwa waya kisianguke nje, maana kingeuvuta mpira wa breki na ekseli.

Hatari kubwa iko katika kuitoa springi. Nati ya katikati ya shokapu haifunguliwi kabla springi haijakandamizwa kwa vibano viwili vinavyokabiliana. Jirani mmoja alishauri tuifunge kwa kamba na waya, akasema ameona gereji fulani ikifanya hivyo. Hesabu yatosha kumjibu. Springi yetu ya mfano ikikandamizwa milimeta 100 husukuma kwa niutoni 3,000, yaani uzito wa kilogramu 300. Nishati iliyomo ni juli 150, sawa na jiwe la kilo 15 lililoanguka kutoka kimo cha meta moja. Ila springi haichagui kuanguka chini, yaweza kumrukia mtu usoni.

"Mpwa wangu, kamba hapana," mjomba akasema. Tukangoja siku mbili mpaka fundi mmoja alipotuazima vibano vyake. Hata hapo tulivikaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo huku, wala hatukusimama mbele ya ncha za springi. Watoto walikaa ndani.

Wakati wa kufunga, jambo moja husahauliwa. Bolti za mikono ya chini yenye bushi za mpira, kama zimelegezwa, zikazwe mwisho motokaa ikiwa imesimama kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yananing'inia, mpira utakuwa umejisokota siku zote na utachanika upesi.

Motokaa ikishuka, magurudumu hubadili mwinamo na mwelekeo, hata kama bolti zimerudi kwenye alama zake. Tuliipeleka kupimwa kwa mashine mjini. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limetazama nje kidogo, na fundi akalirekebisha kwa fimbo ya stelingi. Lingeachwa hivyo, tairi lingelika upande wa ndani. Kisha mjomba alikwenda Same na kurudi, akazipitia tena nati zote kwa spana, moja moja.