Kupumzika Kusikoponya

Mzee mwenye shinikizo la damu anapotoka Kibosho kuja kuishi kwa mwanawe mjini Moshi, mara nyingi huambiwa apumzike. Ni upendo, lakini moyo hupata hasara. Moyo uliozoea kupanda mwinuko na mzigo wa majani ya ng'ombe husukuma damu nyingi kwa kila pigo. Ukikosa kazi hiyo kwa wiki chache tu, uwezo huo huanza kupungua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwakuta Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi wakifanya kazi za wastani au nzito kwa zaidi ya saa 2 kila siku, na shinikizo la juu la damu lilikuwa nadra miongoni mwao. (Chakula chao nacho kina sehemu yake.) Shirika la Afya Duniani linahimiza kiasi kidogo zaidi: dakika 150 hadi 300 kwa wiki.

Mhudumu amwulize mgonjwa alitembea kiasi gani kijijini, na sasa anatembea kiasi gani. Mwendo ufaao ni ule unaomruhusu kuzungumza, si kuimba. Dawa zisiachwe. Ambaye shinikizo lake halijadhibitiwa aanze kwa ushauri wa daktari. Na akipata maumivu ya kifua, asimame mara moja na apelekwe hospitali.