Moab: Chagua Saa Kwanza, Njia Baadaye

Tao la mwamba liitwalo Delicate Arch limechorwa kwenye vibao vya namba za magari ya jimbo la Utah, Marekani, na hapo ndipo balaa inapoanzia. Kila anayefika Moab hulikimbilia hilo hilo, wengine saa sita za mchana, watoto mgongoni na chupa moja ya maji mkononi. Njia yake ni maili 3 kwenda na kurudi, karibu kilomita 5, na namba hiyo haimtishi mtu aliyekulia kwenye vilima. Ila namba haisemi kwamba kivuli karibu hakipo, na kwamba sehemu kubwa ya mpando ni mwamba mtupu unaorudisha joto la jua usoni.

Moab ni mji mdogo kusini-mashariki mwa Utah, saa nne hivi kwa gari kutoka Salt Lake City, ambako zipo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotokea Kongo na Burundi. Hifadhi mbili za taifa ziko karibu na Moab: Arches, yenye matao ya mawe zaidi ya 2,000, likiwemo Delicate Arch, na Canyonlands, nchi ya makorongo yaliyochimbwa na mito ya Colorado na Green. Wekundu wa mawe hayo ni kutu: chuma kilichomo kwenye mchanga ulioganda.

Hatua ya 1: Amua msimu

Miezi mizuri ni Aprili na Mei, kisha kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba. Kati ya Juni na Agosti joto la mchana hupita nyuzi 38 mara kwa mara. Mwishoni mwa kiangazi huja pia mvua za radi, na hapo korongo jembamba lililo kavu kabisa linaweza kujaa maji yaliyonyesha mbali ambako hata wingu hukuliona. Wakati wa baridi watu ni wachache na theluji juu ya mwamba mwekundu inapendeza, lakini mwamba huo ukishika barafu haupandiki bila vyuma vya kufunga kwenye viatu.

Hatua ya 2: Amua saa

Hii ndiyo hatua yenyewe, na wengi huiruka. Sisi tuliozoea jua la Ikweta, linalotoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, huwa tunakosea hesabu Utah. Mwezi Juni jua la Moab huzama karibu saa tatu kasorobo usiku. Desemba linazama saa kumi na moja jioni, na asubuhi halichomozi mpaka saa moja na nusu. Kwa hiyo angalia saa za jua za tarehe utakayokwenda kabla hujaangalia ramani.

Ukishazijua, gawa siku. Kiangazi, matembezi ya maana yawe yamekwisha kabla ya saa nne asubuhi, au yaanze baada ya saa kumi na moja jioni. Katikati ya siku rudini mjini mle na kulala, au zungukeni kwa gari. Kuchelewa kuna adhabu nyingine: maegesho hujaa mapema. Miaka ya 2022 hadi 2025 Arches ilitaka wageni waweke nafasi ya saa ya kuingia katika miezi ya msongamano. Taratibu kama hizo hubadilika, hivyo soma tovuti ya hifadhi wiki ile ile ya safari.

Hatua ya 3: Pima njia kwa aliye mnyonge kuliko wote

Kama yumo bibi mwenye magoti mabovu, njia ni ya bibi. Ubao wa mwanzo wa njia hueleza maili na futi za kupanda. Maili moja ni kilomita 1.6 na futi 100 ni mita 30. Delicate Arch inapanda futi 480, kama mita 146, na karibu na mwisho njia inapita kwenye kingo ya mwamba, upande mmoja ukuta, upande wa pili shimo. Mwenye kizunguzungu cha kimo asipelekwe kwa kubembelezwa. Lipo eneo jingine la kulitazamia tao hilo hilo kwa mbali, mita 90 tu kutoka maegesho, na halina aibu yoyote.

Kwa familia yenye watoto ningeanza na Windows: mzunguko wa maili moja, matao makubwa yaliyokaribiana, na ng'ambo ya barabara kuna Double Arch, matao mawili yanayoshiriki mguu mmoja. Wanaoweza zaidi waende Devils Garden. Sehemu ya kwanza, hadi Landscape Arch, ni njia iliyotengenezwa vizuri, kama kilomita 3 kwenda na kurudi. Tao hilo ni refu ajabu na jembamba ajabu. Mwaka 1991 bamba kubwa la mwamba liliporomoka kutoka upande wake wa chini, na tangu hapo watu hawaruhusiwi kupita chini yake. Baada ya hapo njia inageuka, unapanda mgongo wa mwamba kwa mikono na miguu. Wazee na watoto wadogo waishie hapo. Fiery Furnace, eneo la vichochoro vya mawe, halina njia iliyowekewa alama na huingii bila kibali au mlinzi wa hifadhi.

Canyonlands, upande wa Island in the Sky, wapiga picha hujazana Mesa Arch alfajiri, bega kwa bega. Mimi ningewaachia. Grand View Point ni karibu tambarare, kama kilomita 3 kwenda na kurudi juu ya ukingo wa genge, na jioni makorongo yote ya chini yanajaa vivuli virefu. Huko nyuzio ni chache, hivyo mtoto ashikwe mkono.

Hatua ya 4: Maji, chumvi, viatu

Hesabu lita 4 kwa kila mtu kwa siku ya kutembea, na uzijaze kabla ya kuacha barabara kuu, maana kwenye njia hakuna bomba. Maji peke yake hayatoshi: anayekunywa sana bila kula anapoteza chumvi mwilini, akaanza kichefuchefu na kuumwa kichwa. Karanga za chumvi, mayai ya kuchemsha na chapati za jana vinafaa. Vaa viatu vyenye soli inayokamata, kofia pana, na shati jepesi la mikono mirefu. Mwamba mkavu unakamata vizuri sana wakati wa kupanda. Ni kushuka ndiko kunakowaumbua watu. Mbwa abaki nyumbani, kwani kwenye njia za hifadhi hizi haruhusiwi.

Hatua ya 5: Njiani

Juu ya mwamba mtupu hakuna nyayo, hivyo unafuata marundo madogo ya mawe yaliyopangwa na walinzi. Usijenge la kwako kwa mchezo. Anayekuja nyuma atalifuata. Ukifika kwenye mchanga, baki njiani. Ule udongo mweusi wenye vinundu una uhai, umeshikwa na vijidudu vinavyozuia upepo usiupeperushe, na hatua moja ya kiatu inaweza kuacha jeraha la miaka mingi.

Maji yakifika nusu, geuka, hata kama tao liko nyuma ya kona inayofuata.

Simu hazishiki sehemu nyingi. Mwaka 2003 Aron Ralston alinaswa na jiwe katika korongo la Bluejohn, Utah, bila kumwambia mtu alikokwenda, na baada ya siku tano alijikata mkono ili atoke. Basi mwachie ndugu ujumbe wenye mambo matatu: jina la njia, maegesho mliyoacha gari, na saa ambayo asipokusikia apige 911.